Bahari Haimtulizi Kila Mtu

Mashine ya presha ilisoma 188 kwa 102. Nusu saa kabla ya hapo, bibi huyohuyo, aliyekuja kupasuliwa jicho, alikuwa na 164 kwa 92. Hapo katikati hakupewa dawa, hakuambiwa habari mbaya, hakuinuka hata kwenda msalani. Kilichotokea ni kwamba mimi, muuguzi wake, nilivuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamsomea karatasi ya kumtuliza.

Karatasi yenyewe nilikuwa naiamini. Niliipata kwenye mafunzo, imetafsiriwa kutoka Kiingereza, nikaitoa kopi na kuitia kwenye plastiki isilowe. Ilikuwa inasema: fumba macho, vuta pumzi taratibu, jione umelala ufukweni, mchanga una joto la kupendeza, yasikilize mawimbi yanavyokuja na kurudi, kila wimbi linaondoka na hofu yako. Nikaisoma kwa sauti ya chini kama nilivyofundishwa. Nilipofika kwenye mawimbi, bibi akafumbua macho akanikamata mkono.

"Mwanangu, kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, bibi. Kuna nini?"

"Hiyo bahari unayoniambia niisikilize ndiyo iliyonichukulia baba wa wanangu. Alitoka na wenzake alfajiri, kusi limechafuka, haukurudi hata ubao wa chombo. Mie tangu siku hiyo nikilala nageukia ukutani nisiisikie. Nawe waniambia niisikilize!"

Anatoka Kigombe, njia ya kwenda Pangani. Kule nyumba na maji vimesogeleana, usiku bahari unaisikia utake usitake. Ningemuuliza swali moja tu kabla ya kufungua karatasi yangu, ningejua. Sikuuliza. Daktari akaitazama namba kwenye mashine, akatikisa kichwa, tukampangia wiki inayofuata. Mjukuu wake aliyemleta akatoa noti mfukoni akazihesabu mara mbili, kimya, na mimi nikajifanya naandika kwenye faili.

Nafanya kazi upande wa macho hapa Tanga mjini, sehemu ambayo wagonjwa husubiri kabla ya kuingizwa thieta. Hospitali siitaji, haina umuhimu. Wengi wanaokaa kwenye lile benchi langu ni wazee wenye mtoto wa jicho: wa Makorora, wa Mabawa, wa Muheza, wa Mkinga, wengine wameteremka kutoka milima ya Usambara na makoti yao mazito ambayo Tanga hayavaliki. Karatasi ya ufukwe nilishawasomea wengi, na baadhi walitulia kweli. Baada ya siku ile ndipo nilipojiuliza ni akina nani hasa walikuwa wanatulia. Walikuwa ni walimu wastaafu, makarani, mama mmoja mwenye duka barabara ya kumi na mbili. Watu ambao bahari kwao ni Raskazone siku ya Jumapili, juisi mkononi, watoto wanaogelea. Mvuvi hatuliziki kwa bahari. Mama anayekwenda maji yakikupwa kutafuta pweza, akirudi mgongo umekufa ganzi, ufukwe kwake ni kazini. Ni sawa na kumwambia karani afumbe macho ajione yuko ofisini, mbele ya lundo la mafaili.

Aliyeiandika karatasi ile alikuwa anawaza likizo yake. Sisi tukamtafsiria likizo hiyo neno kwa neno.

Hofu ya jicho ina namna yake. Mtu akipasuliwa henia kwa dawa ya usingizi, anaambiwa atalala, ataamka yamekwisha. Mtoto wa jicho hutolewa kwa ganzi, mgonjwa yu macho, anasikia kila kinachosemwa, kitambaa kimefunikwa usoni kimebaki kitundu cha jicho tu. Na huko mitaani hadithi zimeshamtangulia. Ile kubwa kuliko zote ni kwamba jicho hung'olewa, likawekwa kwenye sahani, likasafishwa, kisha likarudishwa. Mzee mmoja aliniinamia sikioni akaniuliza kama hakuna hatari ya kulirudisha limegeukia ndani. Nilitaka kucheka, nikamwona hachezi. Alikuwa amelala na swali hilo usiku kucha.

Basi namweleza kila mmoja, hata asipouliza: jicho halitoki mahali pake. Ndani ya jicho kuna lenzi, kama kioo cha saa, nayo ndiyo iliyoingia ukungu. Daktari anafungua tundu dogo la milimita chache, anaitoa iliyochafuka, anaweka nyingine ya plastiki safi. Mara nyingi ni kazi isiyofika nusu saa. Nimegundua kwamba maelezo haya peke yake huteremsha mabega ya mtu kabla hata sijamwambia habari ya pumzi. Hofu nyingi ninazokutana nazo pale benchini ni ukosefu wa habari tu, na kumtuliza mtu kabla ya kumweleza ni kumfunga kitambaa juu ya kidonda ambacho hakijasafishwa.

Ila wapo ambao wanaelewa kila kitu na bado wanatetemeka. Hao mwili wao umeshaamua. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, mishipa midogo ya damu inajibana, viganja vinakuwa baridi, hata mshipa wa kuweka sindano unaupapasa huupati. Presha inapanda. Na kwenye jicho presha si suala la kuandika tu kwenye faili: ikiwa juu sana wakati jicho limefunguliwa, mshipa wa ndani unaweza kupasuka na kuvuja, na japo ni nadra, likitokea mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kabisa. Ndiyo maana daktari hukataa. Ndugu wa wagonjwa hudhani tunawazungusha, na nikitazama nauli zao sishangai wanavyodhani.

Kwa hiyo tunarudi kwenye pumzi. Sababu ya pumzi ni rahisi kuliko inavyofikiriwa. Katika kazi zote ambazo mwili huzifanya bila kutuuliza, pumzi ndiyo tunayoweza kuishika usukani tukitaka. Moyo huwezi kuuamuru upunguze mwendo. Lakini ukitoa pumzi polepole, kuna mshipa mrefu wa fahamu unaoteremka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, madaktari wanauita vagasi, nao huuambia moyo upunguze. Shika mapigo yako kwenye kifundo cha mkono hapohapo ulipo, utayahisi: ukivuta hewa yanaharakisha kidogo, ukiitoa yanakokota. Mimi huwahesabia nne wakivuta na sita wakitoa. Inakuja kama pumzi sita kwa dakika. Wenye pumu au mapafu yaliyochoka siwabanii hesabu hiyo, nawaacha wapumue kwa kadiri yao.

Baada ya pumzi, misuli. Hili lina mwenyewe: daktari wa Marekani aitwaye Edmund Jacobson, ambaye mwaka 1929 alichapisha utaratibu wake wa kukaza na kulegeza misuli, kundi baada ya kundi. Alichokiona ni jambo ambalo kila aliyewahi kumpiga mtoto sindano analijua. Ukimwambia mtu "legeza", hajui alegeze nini, anakaza zaidi. Mwambie kwanza akunje ngumi kwa nguvu, ahesabu mpaka tano, kisha aiachie. Hapo mkono wenyewe unamwonyesha kulegea ni kitu gani. Naanzia vidole vya miguu, mashavu ya miguu, mapaja, tumbo, mikono, mabega. Uso siugusi kwa mtu wa macho, simtaki abane kope wakati matone yanafanya kazi ya kupanua mboni. Wenye kuumwa na magoti au waliotoka kubanwa na mkakamao wa misuli jana yake, nawarukia miguu.

Haya si mambo ya kubembelezana tu, kama wenzangu wawili watatu walivyokuwa wakinitania. Mwaka 2000 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa daktari Elvira Lang na wenzake, wagonjwa 241 waliokuwa wanapitishiwa mipira kwenye mishipa ya damu au figo wakiwa macho. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. La pili lilipewa mtu wa kukaa nalo na kulisikiliza. La tatu lilikuwa na mtu huyo, na juu yake likaongozwa kujituliza kwa mawazo. Kundi la kawaida lilichukua wastani wa dakika 78 kwa kila mgonjwa, lile la tatu dakika 61. Dawa za usingizi na maumivu zikapungua kwa zaidi ya nusu. Ninayemwambia habari hii akianza kupiga hesabu ya dakika 17 kwa siku yenye wagonjwa ishirini, huacha kunitania.

Lakini kilichonikaa zaidi ni kazi ya Lang huyohuyo iliyotoka mwaka 2005. Yeye na wenzake walikaa wakatazama video za wagonjwa wakihudumiwa, wakasikiliza maneno. Wakakuta kwamba mgonjwa anapoonywa kwa maneno ya maumivu, "sasa itauma, sasa itachoma", maumivu na wasiwasi wake vinazidi, hata kama anayesema nia yake ni huruma. Niliposoma hapo nikajisikia vibaya. Ni mara ngapi nimesema "utaumwa kidogo tu, kama siafu"? Siafu! Nani katika mkoa huu asiyemjua siafu? Na lile "usiogope" letu, tunalolitumia kama salamu. Mtu aliyekuwa anafikiria mbuzi wake nyumbani unamwambia usiogope, anashtuka: kumbe kuna la kuogopa.

Siku hizi nasema ninachofanya. "Babu, sasa naweka ganzi ili jicho lilale, utahisi nagusa hapa." Basi. Akiniuliza kama inauma namjibu ukweli, kwamba sindano ya ganzi husikika, kisha hupoa. Simdanganyi mtu mzima. Ila simtangulizii maumivu ambayo bado hayajafika.

Sasa turudi kwa bibi wa Kigombe.

Alikuja wiki ile iliyofuata, kanga mbili, mkoba wa ukindu kwapani, amenuna. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa ncha ya ulimi. Sikuwa na karatasi. Nikakaa chini yake kidogo, kwenye kigoda, nikamuuliza: "Bibi, ukiwa nyumbani umetulia huna haraka, mikono yako huwa inafanya nini?"

Akanitazama kama nimeuliza saa ya mwezi. "Mikono yangu? Husuka ukili wa mikeka. Jicho halioni vizuri, lakini vidole vyajua."

"Mie sijui kusuka. Nifundishe."

"Wewe? Mtu wa pwani hujui ukili?"

"Mama yangu alinipeleka shule ya bweni."

"Haya." Akasogea. "Kwanza miyaa usiishike mikavu, itakukatikia. Nyunyizia maji, ifunike, ilainike. Kisha wachana chane zako ziwe sawa..."

Akaenda. Nami nilichofanya ni kuzifuata chane zake na pumzi. Ukilaza hii unavuta hewa, bibi. Ukiipindua upande wa pili unaitoa, polepole, usikimbie, ukili ukikimbiwa unalegea. Alinisahihisha mara mbili, nilikuwa nalaza upande usio. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya mapaja bila miyaa yoyote. Halafu vikapunguza mwendo. Halafu akanyamaza, akawa anapumua tu, na mjukuu wake pale mlangoni akanitazama kwa wasiwasi kama nimemfanyia kitu nyanya yake.

158 kwa 86. Nisijisifu kupita kiasi: safari hii alikuwa amemeza dawa zake za presha kila siku bila kuruka, ile wiki ya kwanza alikiri kuwa zilimwishia. Sijui nimpe nani sifa, vidonge au ukili. Nadhani vyote, na vidonge vipewe kiti cha mbele.

Ndani ya thieta nilimwambia mapema kwamba mikono haitakiwi kucheza, kwa hiyo asuke moyoni. Daktari akaniuliza kwa macho nini kinaendelea, kwa sababu mgonjwa alikuwa anasema chini chini, "laza... pindua". Nikamwashiria aendelee. Kesho yake asubuhi tulipomfungua bandeji, alinitazama muda mrefu akasema, "Kumbe u mtu mzima hivi! Kwa sauti nilidhani kasichana."

Kuna jambo nilijifunza kwa aibu, na ningependa kila muuguzi anayetaka kuanza kazi hii alisikie kabla ya yote. Mwanzoni kabisa, bado nina ulevi wa mafunzo, aliletwa mzee mmoja mwenye kisukari. Alikuwa anatokwa na jasho, anatetemeka, moyo unampiga, maneno hayaeleweki vizuri. Hofu, nikasema moyoni, hii nimeisomea. Nikavuta kiti, nikaanza: vuta pumzi, moja, mbili. Mwenzangu, nesi mkubwa ambaye hakuwahi kwenda mafunzo yoyote ya kutuliza watu, alipita, akasimama, akamshika mzee kiganja. Akamchoma kidole. Sukari 2.6, imeshuka mno. Mzee alikuwa amepiga sindano yake ya insulini alfajiri, kisha hakula kwa sababu jirani alimwambia anayekwenda kupasuliwa hatakiwi kula. Tulimpa glukosi haraka, akarudi. Ningemwongoza kwa sauti nzuri hadi akazimia mikononi mwangu. Tangu hapo, kipimo cha sukari kwanza, presha kwanza, swali la dawa kwanza. Utulivu unafuata baadaye, ukiwa na mahali pa kukaa.

Kitu kingine ambacho karatasi haikunifundisha ni kwamba wengi wanaokuja hapa wana namna zao tayari. Tanga hii watu wamekua na uradi. Nimewaona wazee wakikaa benchini, tasbihi inapita kidoleni, "Ya Latif, Ya Latif", midomo haifunguki, na ukiwapima wametulia kuliko mimi. Mama mmoja wa Korogwe, Mlutheri, alikuwa anaimba wimbo wa kanisani chini chini, ubeti mmoja, tena na tena. Daktari Herbert Benson wa Harvard, ambaye katika miaka ya 1970 alieleza jinsi mwili unavyotulia kwa neno linalorudiwarudiwa, alisema wazi kwamba neno hilo laweza kuwa sala ya mtu mwenyewe. Kwa hiyo nikimkuta mtu na uradi wake, simkatizi nimletee Jacobson. Nakaa naye tu. Namwomba, kama hajali, arefushe kidogo pale anapotoa pumzi.

Wapo wasiotaka kabisa. Kijana mmoja wa bodaboda aliyejeruhiwa jicho na kipande cha chuma aliniambia, "Sista, mi ukiniambia nifumbe macho nauona ule mgari." Basi hakufumba. Tulizungumza habari za Coastal Union mpaka akaitwa, akilalamikia kikosi kizima kuanzia kipa. Presha yake sikuipenda, lakini mikono ilikuwa imekunjuka.

Ukweli wa kazi ni kwamba siku za foleni ndefu sifanyi haya yote. Nina dakika nne, pengine tatu. Nikiwa nazo tatu, moja naitumia kuuliza lile swali la mikono, mbili zinafuata jibu lake. Nimeshapumua na watu wakikuna nazi, wakikata mkonge, wakiziba pancha za baiskeli (Tanga bila baiskeli si Tanga), wakipalilia mihogo. Fundi cherehani mmoja alitoa pumzi kwa kukanyaga kanyagio, taratibu, mpaka mwisho wa pindo.

Bibi wa Kigombe amerudi majuzi kwa jicho la pili. Safari hii alikuja na miyaa yenyewe kwenye mkoba, imeviringishwa kwenye kitambaa kibichi, anasuka benchini kabla sijamwamkia. Pembeni yake alikaa mama mnene wa Muheza, anatetemeka goti, anauliza kila anayepita kama ni kweli jicho linatolewa. Nikavuta kigoda changu. Bibi akaninyooshea mkono nisubiri.

"Mwenzangu," akamgeukia, "wewe nyumbani mikono yako hufanya nini?"

"Mikono yangu?" Yule mama akafikiri. "Mie mvivu, bibi. Nina mabinti wanne wananifanyia kila kitu. Kazi yangu kulala."

Bibi akapindua chane, akaivuta ikakaza.

"Basi lala."